Kona ya Shamba la Kalisti

Alhamisi, kipindi cha kwanza, Mwalimu Yusto aliita majina ya kidato cha tatu. Alipofika kwa Cornelia Kalisti hakujibiwa, akaendelea. Alipofika kwa Minza Malimi, kimya tena. Akainua macho. Dawati la tatu upande wa dirishani, ambalo wasichana hao wawili walilikalia pamoja tangu kidato cha kwanza, lilikuwa tupu.

"Cornelia na Minza wako wapi?"

Darasa zima liliinamia madaftari. Kama wasingekuwa wanajua, wangesema hawajui.

Yusto alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Milanzi, pale Sumbawanga mjini. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika sekondari ile ya kata, pembezoni mwa uwanda wa Ufipa, mahali ambapo ukitembea saa moja unafika ardhi inapokatika na kushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Alifundisha Jiografia na Uraia. Mwezi wa pili alichoka kusoma insha ambazo kila moja iliishia na maneno yale yale, serikali itusaidie, serikali ituangalie, basi akaweka chaki chini akazungumza nao dakika arobaini nzima.

"Kila mmoja atafute jambo moja," aliwaambia. "Jambo moja tu linalomkera, kwake mwenyewe, nyumbani au kijijini. Asililalamikie. Alitengeneze. Msingoje mkue. Msingoje mheshimiwa aje na msafara wa magari."

Alisema kwa moto, na moto ule ukawashika. Loth, aliyekuwa akishinda sokoni kwenye meza ya pool, alirudi darasani na akawarudisha washikaji wake wawili. Edith alianza kumfundisha mama yake kusoma, na baada ya wiki sita mama yule aliisoma kadi yake ya kliniki mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya muuguzi. Wanafunzi wengine walichimba choo kipya cha shule ya msingi. Yusto alikuwa akipita kijijini watu wanamsimamisha kumpa mkono.

Mkuu wa shule, Madam Epifania, mama mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, alimwita ofisini siku moja. "Mwalimu Yusto, unasema vizuri, na watoto wanakusikia," alimwambia. "Ila usiwatume mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga." Yusto aliitikia kwa adabu. Moyoni alisema mama huyu amechoka.

Jambo la Cornelia na Minza lilikuwa zito kuliko yote. Cornelia alikuwa mtoto wa mzee Kalisti, Mfipa, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kigango asiyekosa ibada. Baba yake Minza, mzee Malimi, alikuwa Msukuma aliyepanda kutoka upande wa Mtowisa na ng'ombe wake miaka saba iliyopita, mafuriko yalipomfukuza bondeni. Zizi la Malimi liko juu, kijito kiko chini, na katikati ni mashamba ya watu. Kila mwaka ng'ombe waliingia shambani, na kila mwaka watu walipigana. Mwaka uliopita Leonardi, mdogo wake Kalisti, alipigwa fimbo ya kichwa, na hadi leo sikio lake moja halisikii. Kesho yake kijana wa Malimi alikatwa panga la mkono. Wasichana hao wawili walikuwa wakikaa dawati moja wakati ndugu zao wameshonwa nyuzi katika zahanati moja.

Walichokifanya ni kutafuta njia. Jumamosi tano walitembea na kauntabuku, wakihesabu hatua, hadi wakapata njia ya kuzunguka: kutoka zizini, nyuma ya mikaratusi ya kigango, kupitia mbugani, mpaka kijitoni. Ilikuwa ndefu mara mbili, lakini haikugusa shamba la mtu hata moja, isipokuwa kona moja, hatua thelathini. Kona hiyo ilikuwa ya Kalisti, na mwaka huu alikuwa ameizungushia uzio wa matawi ya miiba.

Walipomwonyesha ramani ile Yusto aliishika kwa mikono miwili. "Hii ndiyo kazi!" alisema. "Sasa isibaki kwenye karatasi. Jumamosi tunakwenda pamoja kwa wazee, kwa mzee Kalisti kwanza, halafu kwa mzee Malimi."

Jumamosi ilipofika, rafiki yake wa Milanzi alikuwa anavisha pete. Yusto alipanda bodaboda alfajiri. Wasichana walipompigia simu aliwajibu huku muziki unapiga nyuma yake: "Nendeni tu, wale ni wazazi wenu. Msiogope."

Wakaenda wenyewe. Kalisti aliitazama ramani, akasema, "Nitafikiri." Malimi alicheka akasema ng'ombe wake hawajasoma ramani. Jumatatu walimweleza Yusto, naye akawapa moyo, kwamba mabadiliko hayaji kwa kuombwa mara moja, kwamba wakati mwingine watu wanahitaji kuona kwa macho ndipo waamini. Maneno hayo sasa, mbele ya dawati tupu, yalimrudia moja baada ya jingine.

Aliwapa darasa zoezi akatoka nje. Loth akamfuata hadi barazani.

"Mwalimu, wako shambani kwa mzee Kalisti," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yake Minza ameenda mnadani tangu jana, kwa hiyo leo Minza ndiye anachunga. Wamesema watawapitisha ng'ombe kwenye ile njia, wazee waone."

"Nani kawaambia wafanye hivyo?"

Loth alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, Mwalimu?"

Kabla Yusto hajapata la kusema, yowe lilisikika kutoka upande wa kijitoni. Sauti ya mwanamke, ndefu, kisha nyingine ikaidaka. Madam Epifania alitoka ofisini, miwani mkononi. Hakuuliza mengi. "Nenda," alisema. "Mimi nampigia mwenyekiti."

Yusto alikimbia. Ukungu ulikuwa haujapanda, majani yamelowa, viatu vyake vya darasani vikawa vinateleza kila hatua. Njiani alipitwa na vijana wawili wenye mapanga, hata salamu hawakumpa. Akili yake haikutulia mahali pamoja. Mara alimwona Minza amelala kwenye matope, mara alimwona mama yake Cornelia akimuuliza swali moja tu, na yeye hana jibu. Akajiambia huenda hakuna kitu, huenda ni nyoka, watu hupiga yowe hata kwa nyoka. Halafu akasikia ng'ombe wakilia, na sauti za wanaume juu yao.

Akatokeza kwenye kona ya Kalisti. Uzio wa miiba ulikuwa umefyekwa pengo pana, na ng'ombe, badala ya kupita hatua zao thelathini na kwenda zao, walikuwa wametawanyika ndani ya ulezi. Hawakuijua njia ile. Walichokiona ni chakula. Ulezi uliobakiza wiki chache uvunwe ulikuwa umelala chini kama umepigwa na mvua ya mawe. Upande wa juu walisimama watu kama kumi na wawili, wakulima, wenye majembe na mapanga, Leonardi mbele yao ameshika kamba ya dume kubwa. Upande wa pengo alisimama mzee Malimi na vijana wake wanne wenye fimbo, ndio kwanza wamefika, wanahema. Kati ya pande hizo mbili walikuwa Cornelia na Minza, sare zimelowa umande hadi kiunoni. Minza alikuwa ametanua mikono mbele ya ng'ombe kama anayeweza kuwaficha.

"Safari hii mmekuja na panga kabisa!" Leonardi alikuwa akipiga kelele. "Mwaka jana mlisema ng'ombe wamewaponyoka. Leo je? Uzio umejikata?"

"Hakuna mtu wangu aliyekata uzio," alisema Malimi. Alisema kwa utulivu, lakini mkono uliokuwa kwenye fimbo ulikuwa umekaza.

"Mwongo!"

Kijana mmoja wa Malimi akasogea hatua moja. Wakulima watatu nao wakasogea.

Yusto alielewa mara moja. Watu wote hawa walikuwa karibu kuuana kwa ajili ya uzio ambao hawakujua nani ameukata. Waliojua walikuwa watatu. Wawili ni watoto, na woga ulikuwa umewafunga midomo. Panga lilikuwa bado mkononi mwa Cornelia, limening'inia kando ya sketi yake, na hakuna aliyelitilia maanani kwa sababu alikuwa mtoto wa mwenye shamba.

Alifikiria kazi yake. Alifikiria Cornelia atafanywaje akitajwa mbele ya watu wote wale. Miguu ilimvuta kurudi nyuma, na kwa kitambo kifupi, kitambo ambacho baadaye alikionea aibu kuliko kingine chochote, aliangalia njia aliyojia. Kisha akajikaza, akaingia katikati, na neno lililomtoka lilikuwa lile alilolizoea tangu utotoni.

"Shikamooni, wazee wangu."

Lilikuwa neno la ajabu mahali pale. Lakini Kalisti, ambaye hadi hapo alikuwa amesimama kimya nyuma ya ndugu zake akiutazama ulezi wake, alijibu kwa mazoea, "Marahaba." Malimi naye akaitikia. Kelele zikapungua kidogo, na Yusto akapenya kwenye upenyo huo.

"Uzio huu haukukatwa na watu wa mzee Malimi."

"Umekatwa na nani?" Leonardi aligeuza lile sikio lake zima.

"Sababu yake ni mimi."

Leonardi aliachia kamba, akamkamata kola. Pumzi yake ilikuwa ya moto usoni mwa Yusto. "Wewe mwalimu? Wewe ndiye umekuja kukata uzio wa kaka yangu?"

"Mwachie, baba mdogo." Cornelia alisogea mbele. Aliinua panga watu walione. "Nimekata mimi."

"Na ng'ombe nimewaleta mimi," alisema Minza. "Baba hajui. Alijua nimewapeleka mbugani."

Ng'ombe mmoja aliendelea kutafuna, na kila mtu aliisikia sauti ya kutafuna kwake. Kalisti alipita katikati ya watu hadi kwa binti yake. Mikono ya Cornelia ilikuwa imechanwa na miiba, damu imekauka hadi kwenye viwiko. Baba alisema neno moja kwa Kifipa, binti akampa panga. Yusto, ambaye kola yake ilikuwa bado mkononi mwa Leonardi, alijirusha mbele hadi kifungo kikakatika, akasimama kati yao. Alifumba macho. Hakujua kwamba amefumba mpaka alipoyafumbua na kumwona Kalisti analipeleka panga lile kwapani, kama mtu anayekunja mwavuli.

"Toka, Mwalimu," alisema Kalisti. "Siwezi kumkata mwanangu."

Akamgeukia Cornelia. "Nilikuambia nitafikiri."

"Hata mwaka jana baba mdogo alipolazwa ulisema utafikiri, baba."

Yusto alidhani hapo sasa kofi litalia. Halikulia. Kalisti alitembea hadi kwenye pengo, akasimama, akaanza kuhesabu hatua. Watu wote wakamtazama akienda na kurudi. "Thelathini na mbili," alisema mwishowe, bila kumwambia mtu yeyote.

Malimi aliweka fimbo yake chini. Akawaambia vijana wake kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Watoeni mmoja mmoja. Kwa mikono, si kwa fimbo. Wakikimbizwa watamaliza hata kilichobaki." Minza ndiye aliyetangulia. Aliwaita ng'ombe kwa majina yao, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwenye homa.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Lazaro, alifika na mtendaji wakati ng'ombe wa mwisho anatoka. Hawakwenda ofisini. Walikaa pale pale, wengine juu ya majembe yao, mpaka jua likawa utosini, na maneno yaliyosemwa hayakuwa matamu. Mwanamke mmoja aliuliza mwalimu analipwa ili afundishe au ili agombanishe kijiji. Yusto alisimama akaeleza yote, na Jumamosi ile ya pete akaieleza, kwamba aliahidi kuongozana na watoto hawa na hakuongozana nao. Alipokaa hakuna aliyemfariji.

Mapatano yalikuwa ya kubabaisha. Njia ya wasichana itajaribiwa mpaka mavuno, si zaidi, na atakayepitisha ng'ombe awe mtu mzima, si mtoto. Malimi atalima shamba lote la Kalisti kwa maksai wake mvua za kwanza zikinyesha. Kalisti atarudisha uzio wake nyuma hatua thelathini na mbili. Alipolikubali hilo sura yake ilikuwa ya mtu anayeng'olewa jino. Leonardi aliondoka kabla kikao hakijaisha. "Mtaona," alisema tu, na neno hilo likabaki pale katikati yao.

Cornelia alipewa adhabu na baba yake: aokote kila suke la ulezi lililoangushwa, kwa mkono, mpaka yaishe. Minza alitokea kumsaidia bila kuambiwa. Yusto alikwenda baada ya masomo, akainama nao hadi kiuno kikakakamaa. Mara moja tu Cornelia aliuliza, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, tulikosea?"

"Mlikosea kuharakisha," alisema Yusto. Akaokota masuke mawili matatu. "Na mimi nilikosea zaidi. Niliwaachia mzigo nikaenda kucheza muziki. Njia yenyewe hamkuikosea."

Ijumaa alikabidhiwa barua ya kujieleza kutoka juu, ajibu ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua. Madam Epifania alimpa, kisha akavuta kiti akakaa naye wakaandika jibu pamoja. Walipoingia kidato cha tatu, darasa zima lilisimama kuwaamkia. Edith akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wengine tuliokuwa hatujamaliza mambo yetu, tuache?"

Alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna mzazi ambaye angemlaumu. Alimtazama Loth, akamfikiria yule mama na kadi yake ya kliniki. "Msiache," alisema, na hakuwa na uhakika na sauti yake. "Lakini kila mmoja aniandikie nani anaweza kuumia. Jina kwa jina. Tutasoma pamoja kabla mtu hajanyanyua mguu."

Jumatatu, saa moja asubuhi, ng'ombe walipita kwa mara ya kwanza. Yusto alisimama kwenye kona na wasichana wawili, Kalisti akiwa kwenye uzio mpya, Malimi akitangulia kundi mwenyewe, koti refu limemfunika hadi magotini. Ng'ambo, mlangoni mwa nyumba yake, Leonardi alikuwa amekunja mikono kifuani.

Walipita wawili wawili. Yusto alikuwa akihesabu bila kujua kwa nini anahesabu. Walipofika kumi na tisa, ndama mmoja wa rangi ya majivu alisimama, akanusa, akaingiza kichwa kwenye pengo dogo la miiba, mguu wa mbele ukawa tayari ndani ya ulezi. Minza akashika mkono wa Cornelia. Kalisti hakusogea. Leonardi akashuka hatua moja kutoka mlangoni.

Malimi alirudi nyuma mbio, mzee yule, akapiga goti, akamkumbatia ndama shingoni kwa mikono miwili, akamvuta nje. Akachukua tawi la mwiba lililoanguka, akaziba pengo lile kwa mikono yake mitupu. Kisha akainuka na kumtazama Leonardi kule mlangoni.

Leonardi alikunjua mikono. Akaingia ndani akafunga mlango.

"Kesho tena," alisema Kalisti. Akachukua jembe lake akaanza kupalilia maharage upande wa juu. Yusto alibaki pale mpaka ng'ombe wa mwisho akapotea nyuma ya mikaratusi, kisha akawahi shule pamoja na wasichana, maana kengele ilikuwa imeshagongwa.